Pindo la Mutoto Halifungwi

Prof wetu wa kingereza kule Pinga aliinua pindo la shati yake mwenyewe, akaandika ku tablo neno la herufi tatu: hem.

"Hii njo hem," akasema. "Kwa kifaransa ni ourlet, mafundi wa hapa banasema urle, mama yako ku nyumba anasema pindo. Muandike."

Tulikuwa mwaka wa tano wa sekondari, seksio ya kushona, na kingereza tulikiona kama adhabu. Mimi nilikuwa mutoto wa maulizo. Nikainua mukono: "Prof, na neno lenyewe lilitoka wapi?" Nilidhani atanifukuza. Alikuwa na kamusi nene isiyo na jalada, aliyoitembeza ndani ya mufuko wa mchele kwa sababu ya mvua. Akaifungua, akafuata mistari kwa kidole. Akasema neno hili ni la zamani sana, na tangu mwanzo lilimaanisha ukingo wa nguo. Lakini lina ndugu yake katika luga ya majirani wa Waingereza, na huyo ndugu maana yake ni kipande cha ardhi kilichozungushiwa ua.

"Kwa kifupi," akasema, "ni lupango."

Musichana mumoja wa nyuma akapiga kelele: "Prof, kumbe nikishona pindo la jupe ya mama niko namufungia mu lupango?"

"Inategemea kama mama yako iko wa kutoroka."

Darasa zima likacheka. Na mimi nilicheka. Wakati wa likizo nikaipeleka ile stori nyumbani Kibua, nikamuhadithia mama yangu akiwa anamenya mihogo. Mama hakucheka. Kisu kilisimama katikati ya muhogo.

"Kumbe na wazungu walijua," akasema.

"Walijua nini?"

"Kama ni lupango. Njo maana pindo la mutoto halifungwi."

Nilikuwa naijua hiyo desturi, sema nilikuwa sijawahi kuiuliza maana yake. Katika nyumba yetu, nguo yoyote ya mutoto mudogo inaachwa wazi ku pindo, upande wa kushoto, upana wa kidole kimoja cha mama. Uzi unaobaki haukatwi. Unazungushwa kama konokono na kuingizwa ndani ya ule mwanya. Inabaki vile mpaka siku mutoto atavuka maji kwa miguu yake mwenyewe, kwenda na kurudi. Siku ile mama anakaa chini, anafunga pindo, mutoto akiwa anaangalia. Sijui kama watu wote wa Walikale wanafanya vile. Naandika ya nyumba yetu.

"Mutoto hajakaa sawasawa ku mwili," mama akanieleza. "Anatoka, anarudi. Ukifunga akiwa inje, ataingilia wapi? Na ukifunga akiwa ndani..." Alichukua muhogo mwingine. Huyu alikuwa mama wa kanisa, muimbaji wa kwaya, na sikumuona hata siku moja akikosa ibada. Mambo hayo mawili hayakugombana kichwani mwake.

Ku masomo, pindo lenye mwanya lilikuwa ni alama zero. Mwalimu wetu wa kazi ya mikono alikuwa anapitisha kucha ku pindo lote, na kucha ikiingia mahali, unafumua yote. Nilijifunza kufunga. Nilifunga vizuri kuliko wote.

Kwa hiyo nilipozaa mutoto wangu wa kwanza, musichana, pale pale Kibua, nilimushonea kanzu, gauni dogo la manjano, na nikafunga pindo lote. Mishono midogo kama meno ya panya. Mama aliligeuza mikononi, akapitisha kidole ku kushoto, akanitazama.

"Fungua kidogo tu."

"Mama, hayo ni mambo ya zamani."

"Kidogo, mwana wangu. Kidole."

"Sifungui. Niko fundi, siko mulozi."

Mutoto wangu aliishi miezi saba. Homa ilimukamata siku ya kwanza, siku ya tatu alikuwa amekwisha. Ku santre ya afya hakukuwa na dawa. Muuguzi alisimama anaangalia etajeri tupu ya dawa kama vile itazaa. Sijasahau uso wake. Ningekuwa na jiwe mukononi ningelitupa, sijui kwa nani, pengine kwa etajeri.

Na ku matanga, wanaume wakiwa inje ku moto, wanawake tukiwa ndani chini ku mikeka, mama yangu aliniambia mbele yao wote: "Nilikuambia uache wazi."

Hata mutu mumoja hakumukatiza. Walinitazama, wakaangalia chini. Ku ile mikeka nilikuwa nimefiwa, na kwa sentensi ile moja nikawa nimeua.

Matanga yalipoisha nilimuambia bwana yangu twende kwao, Burungu, ku milima ya Masisi. Hakuuliza sababu, na sikumupa. Mama alipiga simu mara nyingi. Nilikuwa naishika mukononi ikilia, naitazama mpaka inyamaze. Watu wanapenda mutu aseme kwamba alisamehe. Sikusamehe.

Burungu ni baridi. Ukungu unashuka saa sita ya mchana, unaingia mu nyumba za mbao kupitia nyufa, unakaa na nyinyi kama mugeni asiyejua kuaga. Pale nilizaa musichana wa pili. Nilifunga mapindo yake yote. Sikumuambia mutu habari ya mwanya, hata bwana yangu, na habari ya mutoto wa kwanza nilimukataza asiitaje mbele ya huyu. Huyu nilimubeba. Hata kushuka ku kijito nilimubeba mugongoni, kwenda na kurudi, akiwa mukubwa wa kujua kukimbia. Majirani walinichekelea: "Mama, huyo utamubeba mpaka ku ndoa yake?" Niliwaacha wacheke. Mutoto hakutia mguu majini.

Akiwa na miaka miwili, mama yangu akafa. Barabara ilikuwa imefungwa kwa sababu ya mapigano, wakamuzika bila mimi. Miezi kisha, dereva mumoja wa pikipiki aliyetoka Pinga alisimama mbele ya nyumba, amejaa matope mpaka ku masikio, akanipa furushi la kikwembe, kitenge cha kujifunga.

"Mama, hii inatoka Kibua. Banasema ufungue weye mwenyewe, usifungulishe mutu."

Nilitambua fundo. Mama yangu alifunga kila kitu kwa fundo lile, mizigo ya mihogo na kuku wa kuuza. Nikalitupa juu ya mbao za jikoni, pale moshi unapita, na likabaki kule miaka miwili likiota masizi.

Sasa naingia ku mambo yenyewe.

Msimu huu wa mvua mutoto ana miaka minne. Nilimushonea kanzu ya bluu ya kuendea kanisani, kwa kipande cha kitambaa kilichobaki kwa mashini yangu ya mukono. Siku ya Posho, Jumamosi, nilifunga pindo. Siku ya Mungu asubuhi, tumesimama tunaimba, naangalia chini: pindo liko wazi. Upande wa kushoto. Nikasema uzi ni mubaya. Tulivyorudi nilishona tena, mara mbili juu yake.

Siku ya pili yake, wazi.

Nilikaa chini na ile nguo ku magoti. Mwanya ulikuwa mahali pale pale, nikaweka kidole changu, kikaingia sawasawa. Nikahisi kitu ndani. Nikakivuta kwa sindano. Ilikuwa ni uzi, haukukatwa, umezungushwa kama konokono.

Mu hii milima yote hakuna mutu anayejua ile konokono.

Mutu akiogopa sana anatafuta wa kugombeza, na mimi niko hivyo kuliko wengine. Nilimutafuta mama mukwe. Anaishi lupango moja na sisi, ana maoni juu ya kila kitu, na nilijua zamani aliongeaka na mama yangu ku simu. Nilimukuta ku kiwanja anapepeta maharagwe pamoja na wanawake watano ao sita.

"Mama mukwe, nani alikutuma kufungua nguo ya mutoto wangu?"

"Nguo gani?"

"Usijifanye."

"Mukwe wangu, haya macho haionake hata shindano ya kushona. Huo uzi nitaufungua na nini? Na meno? Iko mbili, na hazikutanake." Wanawake wakaangua kicheko. "Ujiulize kwanza kama unajuaka kushona."

Kile kicheko njo kilinimaliza. "Mulisikilizana na mama yangu," nikasema. "Alikufa, sasa weye njo umebakia kuniambia kama niliua mutoto."

Kicheko kikakatika. Alishusha lungo chini polepole, hata haragwe moja halikumwangika.

"Nani alisema uliua mutoto?"

Ningelia pale ingekuwa vizuri. Badala yake nilimunyooshea kidole nikasema: "Weye ni mulozi."

Wasomaji wa mbali pengine hawajui uzito wa neno hilo. Kwetu mwanamuke muzee akiitwa mulozi, muchawi, mbele ya watu, leo watu wanachota maji mbali naye, kesho kijana mulevi anakuja na mafuta na kiberiti. Nililijua. Nililitoa nikilijua.

Mama mukwe alichukua kikwembe chake na jembe lake. "Naenda kwa binti yangu ngambo ya kijito," akasema. "Siku utaniita, utaniita na huo mudomo wako."

Wanawake walikusanya maharagwe yao bila kuniangalia. Kesho yake jirani mumoja alinong'ona ku mulango wangu: "Kumbe ni kweli? Nilikuwaka namudhania." Nikaona vile neno langu lilikuwa limeshaanza kutembea bila mimi.

Na siku ya tatu pindo, nililolifunga mara ya tatu, usingizi wa mutoto wa mchana ukiwa umefika, mama mukwe akiwa ngambo ya kijito, lilianza kufunguliwa nikisikia kwa masikio yangu.

Nilikuwa ku baraza na mashini. Ukungu ulikuwa umejaa mpaka sikuona mugomba wa mbele ya nyumba. Nikaachilia mukono wa mashini kwa kuvuta kitambaa, na ndani ya ule unyamavu nikasikia: tik. Kisha: tik. Fundi yeyote anajua ile sauti. Ni mushono unaokatika.

Nikachungulia mulangoni. Mutoto wangu alikuwa amekaa ku mukeka, miguu imenyooka, kanzu ya bluu ku mapaja. Alikuwa anainua mushono kwa kucha, anaukata kwa jino, anashika mwingine. Hakuharakisha. Alifanya kazi kama mutu aliyeifanya maisha yake yote. Kisha akapima. Aliweka kidole chake kimoja, akatikisa kichwa. Akaweka viwili pamoja, upana wa kidole cha mutu mukubwa, akaridhika. Uzi akauzungusha ku ncha ya kidole, akauingiza ndani.

"Unafanya nini, mama?" Sisi tunaita watoto wetu wa kike vile.

"Nafungua."

"Nani alikufundisha?"

Alinitazama kama vile nimemuuliza nani alimufundisha kula. "Iko nalia," akasema.

"Nini iko nalia?"

"Kale katoto kengine. Kanasema iko joto."

"Kako wapi?"

Nilifikiri ataonyesha kanzu. Akanyoosha kidole juu, ku mbao za jikoni, ku furushi.

Nilipanda juu ya kiti. Masizi yalikuwa yamefanya ngozi juu ya fundo, nyeusi, bila alama ya kidole. Hakuna mutu aliyekuwa ameligusa tangu nilitupe. Nikalishusha, nikafungua fundo la mama yangu kwa meno, likanijaza uchungu wa moshi mu mudomo.

Ndani kulikuwa na kanzu ya manjano.

Miaka yote niliamini kama tulizika mutoto wangu akiwa ameivaa. Kumbe mama njo alimuosha, akamuvua, akamufunga mu kikwembe, na kanzu akaiweka. Nikapitisha kucha ku pindo lote, vile mwalimu alivyokuwa akifanya. Halikufunguliwa hata mushono. Wakati wote ule mama alikuwa nalo, ule mwanya wa kidole aliutaka sana, na hakulifungua. Mwenyewe njo anafungua. Mama wa mutoto.

Chini ya kanzu kulikuwa na wembe mupya, bado mu karatasi yake. Barua, hapana. Neno la huruma, hapana. Hata kufa, alikufa akinipa kazi.

Nililia kwa hasira pale chini, nikamutukana mama yangu kwa kihunde na kwa kiswahili, maneno ambayo siyaandiki. Mutoto alisimama karibu yangu, akasubiri nimalize. Kisha nilitoa wembe mu karatasi. Mushono wa kwanza ulikataa. Niliufunga vizuri kuliko wote, nilikuambia. Tik. Tik. Nilipofikia kidole kimoja nikaacha. Uzi nikauzungusha.

Mutu atataka nimuambie kama kitu kilitokea. Nilisikia hewa ku vidole, baridi kidogo, kama mutu aliyepuliza chai. Nyumba ya mbao ina nyufa. Ilikuwa ni hewa. Mutoto wangu akajilaza ku mukeka na kulala pale pale, mudomo wazi.

Alipoamuka nilimuvalisha ile kanzu ya bluu, wazi vile alivyoiacha, tukashuka ku kijito. Nilikuwa na neno la kurudisha kwa mwenyewe kabla halijaua mutu. Ku ukingo niliinama nimupandishe mugongoni, vile siku zote.

"Hapana," akasema. "Miguu."

Kijito si kikubwa. Mawe saba, maji ya magoti ya mutu mukubwa. Nilitaka kukataa. Akakanyaga jiwe la kwanza. Mukono wa kushoto ulining'inia, lakini wa kulia ulikuwa juu, umekunjika ku kiwiko, vidole vimefumbwa, vile mukono wa mutoto unakuwa akiwa ameshikwa na mukubwa anayetembea mbele yake kidogo. Ku jiwe la tano aliteleza. Hakuanguka. Ule mukono ulinyooka kama umevutwa, akasimama.

Mama mukwe alikuwa ngambo, na jembe begani. Aliona yote. Alipokea mutoto, akanitazama nikivuka na jupe imelowa.

"Mama," nikasema, "nilikuita mulozi mbele ya watu. Niko nakuomba..."

"Mbele ya watu njo utalifuta. Hapa kuko miye na vyura."

"Nitalifuta mbele ya watu."

"Na yule mwingine," akasema, na hii haikuwa sauti yake ya kugombana, "yule mutoto wa kwanza. Malaria njo ilimuua. Nani alikudanganya?"

Nilimuambia. Mara ya kwanza mu miaka mingi nilimuambia mutu: mikeka, wanawake, ile sentensi. Alisikiliza mpaka mwisho. Akatemea mate pembeni. "Mama yako alikuwa na uchungu, akakupa nusu ya kubeba. Alifanya mubaya." Akaangalia maji. "Lakini sema, huyu mutoto alikuwa ameshikwa na nani?"

"Weye si hauonake hata shindano?"

"Shindano, hapana," akasema.

Tukarudi wote watatu, mutoto mbele, miguu yake mwenyewe ku mawe saba. Safari hii mikono yote miwili ilikuwa chini.

Wanawake walikuwa ku kiwanja cha maharagwe. Nilisimama katikati yao nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: huyu si mulozi, nilidanganya, nguo ilifunguliwa na mutoto, na atakayelirudia neno langu atagombana na mimi. Yule jirani wa kunong'ona nilimutazama mu macho mpaka akaangalia lungo lake. Si wote waliamini. Tangu siku ile mama mukwe anachota maji pamoja na mimi, na siku nyingine nabeba bidon yake ya maji mbele ya watu kusudi waone.

Jioni ile ile, kabla jua halijaisha, nilikaa ku baraza. Mutoto alikuwa amejifunika kikwembe cha bibi yake, anaangalia. Nilitoa konokono ya uzi, nikainyoosha, nikaitia mu sindano, nikafunga pindo la bluu kwa mukono.

"Funga muzuri," akaniambia.

"Nafunga muzuri."

Halijafunguka tena mpaka leo. Kama mutu ananiuliza, nasema malaria na etajeri tupu, na nasema kwa hasira ile ile, maana kuko etajeri tupu mpaka leo na watoto wa watu bado wanapelekwa mbele yake. Sasa simu haiwezi kulia tena kutoka Kibua, na kuna siku naishika mukononi hivi, bure.

Kanzu ya manjano iko mu sanduku langu, juu kabisa, haikuwekewa kitu cha kuigandamiza. Ile siifungi.